Mzee Kornel Shigela, Aliyempimia Kila Mtu Kazi Yake

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu Waislamu, asalaam aleikum, poleni nyote na msiba. Familia imeomba historia hii isomwe na Selemani Mwinyimkuu, Mzaramo, jirani wa marehemu hapa Tabora na mwalimu mwenzake wa miaka mingi, kwa kuwa mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumsema marehemu bila kuzomewa, na kwa kuwa kitinda mimba wake, Masolwa, alijaribu kuiandika mwenyewe ikamshinda.

Marehemu Mzee Kornel Shigela alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Puge, Nzega, katika ukoo wa Kinyamwezi ambao babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakapita kwa Wazaramo, ndiko utani huu ulikoanzia, na hakuna mwenye msafara hata mmoja aliyewauliza kama wana haiba ya kubeba mizigo.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Puge, sekondari hapa Tabora hadi kidato cha sita mwaka 1975, kisha akaingia seminari kuu ya Kipalapala, kwa sababu baba yake alikwishamwahidi Mungu padri mmoja, akatoka mwaka 1977 kwa sababu alimsikia Koleta akiimba kwaya. Akasomea ualimu, akaajiriwa mwaka 1979 kufundisha jiografia, na tarehe 5 Januari 1980 akafunga ndoa takatifu na huyo huyo Koleta, wakajaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa Masolwa, aliyezaliwa mwaka 1986.

Mwaka 1989 mwalimu mwingine aliteuliwa kwenda Dar es Salaam kwenye kozi ya kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi, akashikwa na homa ya matumbo siku ya safari, na kwa kuwa treni haimsubiri mgonjwa, marehemu akapewa ile tiketi. Alikwenda mwalimu wa jiografia, akarudi mpiga ramli mwenye cheti. Nadharia yake ya kwanza ilisema binadamu wote wako aina sita tu, wa mikono, wa utafiti, wa sanaa, wa kuhudumia watu, wa kuongoza, na wa hesabu na mafaili, kila aina na kazi zake, kana kwamba Mungu aliumba kwa mihuri sita akachoka. Ya pili ilisema maisha ya kazi yana ngazi tano, kukua, kutafuta, kutulia, kudumu na kushuka, kila ngazi na umri wake, kwa hiyo alipostaafu mwaka 2015 alitangaza kuwa ameingia ngazi ya kushuka, akaweka jembe chini, na Mama Koleta, ambaye hakusoma nadharia yoyote, akalima peke yake mpaka msimu huu. Ya tatu, ile inayosema kwamba kazi nyingi humpata mtu kwa bahati tu, aliidharau, akaiita nadharia ya wavivu, yeye ambaye kazi yake aliipata kwa homa ya mwenzake.

Kwa maswali yake ya haiba aliwapangia vijana wa hapa kazi ambazo hapa hazipo, akamwambia binti mmoja wa Uyui kwamba ameumbwa kwa utafiti wa bahari, binti akarudi kwao kuingoja bahari, naye yuko huko nyuma sasa hivi anasonga ugali wa msiba. Huo ulikuwa upuuzi, na mtani wake alimwambia hivyo akiwa hai, kwa hiyo leo hamsengenyi.

Masolwa alipomaliza kidato cha nne alipimwa na baba yake, akaonekana ni mtu wa hesabu, akasomeshwa uhasibu, akaajiriwa kwa wanunuzi wa pamba Igunga, na mwaka 2013 akaiacha kazi hiyo, akaenda Ipole kutundika mizinga ya nyuki. Marehemu akaapa kutosema naye mpaka arudi kwenye aina yake. Kila msimu kijana alileta asali, mama yake akaipokea mlangoni, akaificha uvunguni, huku mwenye nyumba akinywa uji wa sukari na kujidai haoni nyuki waliofuata harufu. Mtu mzima alimkana mwanawe wa kumzaa kwa ajili ya karatasi ya kozi, na hilo halina jina jingine isipokuwa ujinga.

Novemba 2024 marehemu alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kushoto, na Masolwa akaja kutoka Ipole bila kuitwa, akamwogesha, akamnyoa, akamgeuza kitandani miezi yote hiyo, na baba hakumsemesha. Mwishoni mwa Mei, mtani wake akiwa pembeni, marehemu alifungua mdomo kwa shida, akaanza kumuuliza mwanawe yale maswali yake ya zamani, anapenda kupanga vitu au kuvivunja, anapenda utulivu au watu wengi, na Masolwa akajibu yote kwa ukweli. Mtani, aliyeyasikia maswali hayo mpaka akayakariri, alijumlisha moyoni, na jibu likawa lilelile, mhasibu. Marehemu alifumba macho, akahesabu kwa vidole vya mkono mzima, akarudia, kisha akatamka kwamba mwanawe ni mfuga nyuki, akaomba uji uwekwe asali. Katika aina zile sita hakuna aina ya mfuga nyuki, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 10 Juni 2025, Masolwa akiwa amemshika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na kumvumilia alipowapima haiba wao pia, inawashukuru majirani, walimu wenzake, na wanafunzi wake wote waliokuja, wakiwemo aliowapotosha.

Umekosea hesabu mara moja tu, Mnyamwezi, na ndiyo uliyoipatia. Tua mzigo sasa, upumzike kwa amani.