Keturah Swayne na Kinamasi cha Birch Run

Jumamosi hii, tarehe thelathini ya mwezi wa Sita, 1838, Rafiki Keturah Swayne (ndivyo tunavyoitana katika dhehebu letu) anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika Shule ya Wasichana ya Birch Run, Pennsylvania.

Aliajiriwa kufundisha kushona. Wiki ya pili mkuu wa shule alikuta darasa tupu; wasichana wote walikuwa bondeni, sketi zimelowa mpaka magotini, wanachuma majani. Alipoulizwa kushona kumeishia wapi, alijibu, "Tunashona, Rafiki. Tunashona mimea kwenye karatasi." Na kweli, waliishona kwa uzi. Mwaka uliofuata somo likabadilishwa jina, likaitwa Elimu ya Mimea.

Mimi, Ruth Pennock, mwalimu wa hesabu, nimezihesabu karatasi hizo: ziko 4,112. Baadhi ya mimea ilikaushwa kwenye tanuri la jikoni, na mpishi wetu Hester Yarnall hajasahau.

"Keturah, mikate yangu inanuka tope!" alifoka siku moja.

"Basi leo tumepata mikate yenye harufu," akajibiwa.

Mwaka 1817 haukuwa wa mzaha. Wadhamini wa shule waliamua kukausha kinamasi kilicho nyuma ya ghala ili wapande viazi. Humo Keturah alikuwa ameona ua dogo jeupe ambalo hakulipata katika kitabu chochote. Alimwandikia barua tatu daktari mmoja wa Philadelphia, bingwa wa mimea. Daktari alijibu mara moja tu: ni mmea wa kawaida, Bibi asijisumbue.

Mitaro ilikuwa ianze kuchimbwa Jumatatu. Alhamisi Keturah aling'oa mche mmoja pamoja na udongo wake, akautia kwenye ndoo ya siagi, akatembea maili thelathini hadi mjini. Alifika Ijumaa jioni.

Daktari hakumkaribisha ndani. "Nilishakuandikia, Bibi. Ua la mmea huo lina stameni kumi, zile nyuzi za chavua. Uko kila mahali."

"Hesabu."

"Bibi, mimi kazi hii—"

"Hesabu, Rafiki. Ila ufute miwani kwanza."

Akafuta. Akainama juu ya ndoo, akakaa hivyo kitambo. Keturah anasema hapo ndipo miguu ilipoanza kumuuma.

"Tano," daktari alisema. Kisha akafungua mlango wote. "Pita ndani. Umekula?"

Jumapili alirudi kwa gari la farasi la daktari, na barua yake mkononi, iliyothibitisha kwamba mmea huo ni mpya. Wadhamini waliisoma baada ya ibada ya jioni, na viazi vikapandwa kwingine. Katika kitabu cha daktari Keturah ametajwa kwa mstari mmoja, na jina lake limekosewa. Nakala yetu tumeisahihisha kwa wino.

Leo wanafunzi wake wanakusanya mimea kuanzia Vermont hadi Kentucky. Nafasi yake anaichukua Lydia Hoopes, ambaye siku yake ya kwanza bondeni alilia kwa kuogopa chura.

Keturah anahamia Ohio kwa dada yake. Nilipomwambia sasa atapumzika, alinitazama kwa huruma. "Ruth, nyasi za Ohio sijaziona hata moja!" Dereva wa gari la abiria ameshaambiwa kwamba atasimama mara nyingi.

Rafiki Keturah, asante kwa kutufundisha kuinama na kutazama. Nenda na afya yako na furaha yako, na kila bonde la huko likufichie jambo moja jipya.