Somo la Mvua

Benchi la Man Sentani, muuza kahawa, limeegemea ukuta wa duka la mbao mjini Jacmel, na wanaolikalia hakuna jambo lisilowahusu. Jioni hiyo Dyesèl, fundi viatu, alikuwa ameshindwa dhumna, kwa hiyo alining'iniza vibanio vya nguo masikioni kama kila anayeshindwa. Wala havikumuuma. Kilichomuuma ni binti yake, Wozlò. Mwaka uliopita alifeli mtihani wa taifa, Jumatatu shule zinafunguliwa, na shangazi yake wa mji mkuu ameshasema: akifeli tena, aende kwake akapike, mambo ya shule basi.

— Kitabu anacho chote kichwani, mpaka nukta, alisema Dyesèl. Wakamwambia aeleze kwa maneno yake, akawaandikia somo zima, hakuacha hata neno. Sasa amefelije?

— Anasoma amekaa! alidakia Avoka, fundi wa kupaka magari rangi. Jina hilo la Avoka, yaani wakili, wamempa kwa kuwa hajawahi kukubali kosa. Akaendelea: Ukikaa, somo linateremka miguuni. Mwache atembee huku anakariri, kama wenzake pale uwanjani.

— Anatembea, bwana! Uani kwangu ameshachimba mfereji.

— Basi anazunguka upande mmoja tu. Hicho ni kizunguzungu, si kusoma.

Kilowat, fundi umeme, aliweka kikombe chini. Yeye akiongea hutaka mikono yote miwili.

— Nyie hamjui kitu. Ubongo ni betri. Unachajiwa alfajiri, miguu iko ndani ya beseni la maji baridi. Halafu kichwa cha samaki. Halafu usiku kitabu chini ya mto.

— Maneno yapande yenyewe? aliuliza Avoka.

— Yanapanda taratibu. Wewe umewahi kujaribu?

— Mimi nimelala darasani miaka yote, Kilowat, na hayakupanda.

— Asioshe nywele wiki ya mtihani, alisema Man Sentani huku akimimina kahawa. Yote yanatoka na povu.

Dyesèl alicheka nao, lakini moyoni alikuwa anachagua: samaki anaweza kupata, beseni analo. Alikuwa na hakika kwamba dawa ni moja kati ya hizo.

Mara Wozlò akatokea na bibi yake, Sefora, aliyeteremka kutoka milimani na kapu la viazi vikuu. Dyesèl alisimama, vibanio vikicheza.

— Mwanangu, hebu wape hawa somo la mvua!

Wozlò aliweka mikono nyuma, akafumba macho. Kifaransa cha kitabu kikamtoka mfululizo bila kukwama hata mara moja, na alipofumbua macho benchi zima lilikuwa linapiga makofi. Dyesèl alivimba kwa fahari.

— Huyu akifeli, basi mtihani ndio umefeli! alisema Avoka.

Bibi Sefora, ambaye Krioli ndiyo lugha yake pekee, alitua kapu.

— Umesema vizuri, mjukuu wangu. Sasa linasema nini?

Wozlò alimtazama baba yake. Baba alimtazama Avoka. Avoka alitazama kikombe, nacho kilikuwa kitupu.

— Linahusu mvua, mama, alijikaza Kilowat.

— Mvua imefanya nini?

Hapo Dyesèl akaukumbuka ule mtihani. Kwa maneno yake, walimwambia mtoto. Yeye baba mtu alikuwa amemshangilia mwaka mzima kwa maneno ya wengine. Avoka alinyoosha mkono polepole, akamvua vibanio vile, akajibana kimoja yeye na kingine akampa Kilowat, naye hakubisha.

— Keti hapa na bibi yako, mwanangu, alisema Dyesèl. Fungua kitabu. Mwambie neno moja moja, kwa Krioli yetu.

Wozlò aliweka kidole ukurasani.

— Mvua... ikinyesha mlimani...

— Hiyo naijua. Endelea.

— ...na miti imekatwa, maji hayana cha kuyazuia. Yanachukua udongo. Yanaupeleka mpaka baharini. Wozlò akainua macho yaliyomtoka. Bibi! Ndiyo maana yamebaki mawe tu kule kwako!

Bibi Sefora aliinama akautazama ukurasa asioweza kuusoma.

— Kumbe wameliandika shamba langu, alisema. Soma tena, mama. Taratibu.