Muwasho Uliompa Sponji Miaka Minne

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Sponji, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kupima kitambaa kwa jicho hakuna aliyemfikia.

Mwaka 1984 alianza kujifunza ufundi wa makochi, na mwaka 1991 akafungua karakana nyuma ya nyumba. Tarehe 14 Desemba mwaka huo alimwoa mteja aliyemletea kiti kimoja mara tatu. Alizoea kusema, "Kiti kilikuwa kizima. Mwenye kiti ndiye aliyekuwa na shida." Mkewe hajawahi kukanusha.

Katikati ya mwaka 2019 alianza kuwashwa viganja na nyayo, kisha mwili mzima, bila kipele hata kimoja. Nyumbani tukalaumu vumbi la sponji. Tukabadili sabuni, tukachemsha mashuka, tukaanika magodoro tukiwinda kunguni ambao hatukuwaona. Yeye alijikuna kwa rula ya chuma huku akitania, "Hata ngozi yangu inataka kufumuliwa." Miezi mitano ikapotea hivyo.

Muuguzi aliyefuata kochi lake ndiye aliyeuliza, "Fundi, vipele viko wapi?"

"Sina, dada. Nina kucha tu."

"Basi ngozi haina kosa. Kesho uje upimwe damu. Usipokuja, kochi nakuachia ulilalie."

Alikwenda. Uvimbe mdogo ulikuwa unaziba njia ya nyongo, nyongo inarudi kwenye damu, ndiyo iliyokuwa ikimwasha. Alifanyiwa upasuaji tarehe 21 Novemba. Daktari alisema wengi hufika macho yakiwa ya manjano na muda umekwisha. Dada muuguzi, upo hapa leo. Asante.

Katika miaka minne aliyoongezewa alimwona kitinda mimba wake akimaliza shule, akampakata mjukuu wake wa kwanza. Ugonjwa ulirudi Septemba 2023. Alifariki tarehe 6 Januari 2024, saa nne asubuhi, watoto wote wakiwa chumbani.

Tunawasihi: ukimwona mwenzio anajikuna na kipele hana, usimcheke. Mpeleke.

Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja na dada wawili. Alale salama. Ziada tuliyopewa tuliiona, na tunaishukuru.