Apisai Nakuita na Udongo Uliovimbiwa

Ndugu waombolezaji, mimi Torika, kifungua mimba wake, nimepewa kazi ya kusoma wasifu wa baba yangu mbele yenu, naye aliniagiza kwa kinywa chake nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marehemu Apisai Nakuita alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Naiqali, kisiwa cha Taveuni, akasoma shule ya misheni kuanzia 1958 hadi 1966, kisha chuo cha kilimo huko kisiwa kikuu cha Viti Levu, alikohitimu Novemba 1972, na mwaka uliofuata akawa bwana shamba wa kisiwa hiki. Tarehe 8 Mei 1976 alifunga ndoa na mama yetu, Asenaca, wakajaliwa watoto wanne, sote tuko hapa.

Kazini alikuta udongo wetu wa volkano ni mchoyo, ukiupa mbolea ya chumvichumvi unaibana fosforasi yote, chakula cha mizizi, magimbi yanadumaa, na watu walishaanza kufyeka msitu wa mlimani kutafuta udongo mpya. Baba akakataa, akasema ardhi ya ukoo itatulisha hapa hapa, akaozesha samadi ya kuku pamoja na maganda ya magimbi, kwa kuwa mboji hukalia zile nafasi ambazo udongo ungebania fosforasi, na mizizi ikapata chake. Alipostaafu Desemba 1998, kijiji kizima kilikuwa kinamwiga.

Hapo ndipo alipokosea, nami nasema wazi. Udongo uliomeza tangu enzi za mababu aliamini utameza milele, akamwaga samadi kila msimu kwa miaka tisa baada ya kustaafu bila kupima, mpaka ukavimbiwa, mvua za Februari 2008 zikaikokota fosforasi hadi kijitoni, maji yakawa kijani, yakanuka, na kamba wanaovuliwa na kina mama wa Waisomo, kijiji cha bondeni, wakafa wote. Bibi Mereani, kiongozi wao, alimvaa sokoni mbele za watu: "Apisai, bwana shamba gani wewe, unalisha udongo unaua mto? Hayo magimbi yako tule na nini?" Jumamosi iliyofuata baba alibeba jino la nyangumi, kama mila yetu ya kuomba radhi inavyodai, akaketi chini mlangoni kwao, akaomba radhi. Mereani akasema, "Jino tumelipokea. Kamba tunawangoja." Baba akaapa hatatia kamba mdomoni mpaka kina mama hao wampe wao wenyewe.

Tangu siku hiyo alipima udongo kila mwaka, mashamba yaliyoshiba akayanyima samadi kabisa, akaipeleka kwenye yenye njaa, akapanda nyasi kandokando ya kijito, akagombana na kila aliyezidisha, hata mimi alinifukuza shambani na toroli langu la samadi, akisema, "Torika, masikio hayo umewekewa urembo?" Miaka kumi na sita, jamani! Udongo ulioshiba haupungui kwa siku moja.

Januari 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa tarehe 29 Julai, na Jumatatu tarehe 5 Agosti Bibi Mereani akaingia wodini na sufuria ya kamba wa tui, wa kijito kile kile, akasema tu, "Kula, mkaidi wee." Baba alilia, akala wawili, wa tatu akamshinda. Alifariki alfajiri ya siku ya pili yake, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa kilimo, na kina mama wa Waisomo kwa subira yao. Na lile rundo la samadi nyuma ya kanisa, asiliguse mtu mpaka nipime. Baba, pumzika kwa amani.