Mama Mvuje na Kopo Lenye Sura Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke mkali. Hatutamlainisha kwa sababu amekufa. Yeye mwenyewe angetutukana. Tunamkumbuka Mama Mvuje, msaga viungo, aliyezikwa juzi.

Mvuje, kwa wasioujua, ni utomvu mkavu unaonuka vibaya ukiwa mbichi na kunukia ukishakaangwa. "Ndiyo mimi," alikuwa akisema. "Nivumilie kwanza, utanifaidi baadaye."

Mkamwana wake, aliyeishi naye nyumba moja, anatuambia: "Nilimvumilia, jamani. Ila hiyo faida ilichelewa kidogo."

Usichanani alifanya kazi kwa bibi mmoja aliyefuata Ayurveda, ile tiba ya kale ya Kihindi. Kwake alijifunza kwamba tumbo ni jiko. Moto ukififia, chakula hulala. Moto ukizidi, jiko lenyewe huungua. Ndiyo maana mteja akifika hakumuuliza anataka nini. Alimuuliza: "Tumbo lako lina moto au lina moshi?"

Wa moshi, yaani mwenye gesi, alipimiwa bizari nyembamba na chembe ya mvuje. Wa moto, mwenye kiungulia, alinyimwa tangawizi na pilipili manga hata akilia. Huyo alipewa mbegu za shamari na giligilani, akachemshe, anywe ikipoa.

Juu ya mlango aliandika kwa mkono wake: VIUNGO VYA KUSAIDIA TUMBO. Kusaidia, wasikilizaji. Si kutibu. Kwa neno hilo angepigana na mtu yeyote. Akaja kupigana na mdogo wake wa damu.

"Dada," mdogo wake alimwambia, "kusaidia ni neno la mtu mwoga. Andika kutibu, uone foleni."

"Na foleni ikianza kufa, utaizika wewe?"

Alimtoa nje na mchi mkononi. Kijana hakukata tamaa. Alifungua kibanda mtaa wa pili, akauza poda moja kwa matumbo yote, tangawizi na pilipili manga tele, ndani ya kopo jekundu. Kwenye kopo aliandika: HUTIBU. Tangu hapo dada yake alimwita Tabibu wa Kopo.

Kisha akaja seremala. Tumbo linamchoma, na choo chake, alinong'ona, ni cheusi kama lami. Mama Mvuje akaweka upawa chini.

"Hapa huna dawa. Nenda hospitali. Sasa hivi."

"Mama, nipe hata kijiko kimoja."

"Nikupe kijiko ukajichimbie kaburi? Toka!"

Seremala alitoka amefura, watu wakimcheka. Hakwenda hospitali. Alikwenda kwenye kopo jekundu. Siku alipobebwa hospitali, kidonda cha tumbo kilikuwa kimeshatoboka. Hakurudi nyumbani.

Mjane wake alimwendea Mama Mvuje. Akalibamiza kopo jekundu juu ya meza ya duka.

"Ulimfukuza mume wangu hapa, ukamuuzia kule! Hii si sura yako?"

Ilikuwa sura yake. Amecheka, meno yote nje. Mama Mvuje alikuwa hajaliona kopo hilo kwa karibu.

"Picha ile tulipiga siku niliyojifungua," mkamwana anasema. "Mama mkwe hakuwa na picha nyingine ya kucheka. Mjomba wa mume wangu, huyo wa kopo, aliiazima, akasema anakwenda kuisafisha."

Mama Mvuje alichukua kisu cha kumenyea tangawizi, akaenda kibandani, akaanza kujikwangua sura. Kopo baada ya kopo, mbele ya wateja.

"Dada, unaniaibisha!"

"Bado. Nikianza utajua."

Kopo la mjane nalo alilikwangua, akalimwaga mtaroni, akaliweka tupu mezani pake. Tangu hapo, aliyeomba dawa ya kumtibu aligongewa kopo hilo kwa mchi. "Debe tupu haliachi kuvuma," alisema. "Umesikia? Hiyo ndiyo dawa unayoitaka. Mgonjwa aende kwa daktari." Yeye na mdogo wake hawakusemeshana tena mpaka dada anakufa.

Lakini mtaani wapo walioendelea kumwita muuaji. Neno hilo lilimkaa kooni, na hakukuwa na shamari ya kuliteremsha.

Mjane alifika mazikoni. Alisema mbele ya wote: "Alimwambia mume wangu aende hospitali. Nilijua. Nilitaka mtu wa kumchukia, na yeye ndiye aliyekuwa karibu." Mwenye kusikia ameshasikia.

Naye Tabibu wa Kopo? Matanga hayajaanuliwa, ameshachapisha makopo mapya. Sura ileile, kicheko kilekile. Safari hii ameongeza: Kwa heshima ya marehemu. Jana alituletea tangazo lisomwe mwisho wa kipindi hiki.

Pole zetu ziwafikie mwanawe, mkamwana wake na wajukuu. Pole kwa mjane wa seremala. Wewe mdogo wake, tunakupa pole ya kufiwa na dada. Pole ya biashara hatuna. Nasi tuliobaki tujiulize: tunapochemsha shamari yetu jikoni, tunajua msaada unaishia wapi?

Wasikilizaji wapendwa, dakika hii ndiyo iliyotengewa tangazo la kopo jekundu. Mkamwana yuko hapa studioni. Amekuja na kopo la mama mkwe wake, lililokwanguliwa sura, na mchi.

Haya, mwanangu. Gonga.