Namba Niliyomwandikia Komandoo

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kushonea, mguu mmoja umekalia tofali, birika la kahawa katikati. Siku hiyo Komandoo, mlinzi wa ghala, alifika bila salamu. Kesho kazini wanapimwa mafuta ya mwili kwa tepe. Mafuta yakizidi robo ya uzito wako, geti unaliaga. Daktari, aliyepata jina hilo kwa kufagia zahanati miaka saba, akajiweka sawa.

— Nyepesi hiyo. Wanapima kiuno, wanatoa shingo, wanalinganisha na urefu kwenye jedwali. Shingo nene, mafuta yanashuka.

— Kwa hiyo ninenepeshe shingo? akauliza Komandoo.

— Leo lala bila mto. Ikiamka imevimba, umepona.

— Kiuno hakinitishi. Thelathini na sita! Fundi mwenyewe kaniandikia kwenye suruali.

Mimi nikainamia kikombe changu.

— Mpime tena, Fundi, tumalize ubishi, akasema Daktari.

Nikazungusha tepe kitovuni. Inchi arobaini na nne.

— Vuta tumbo ndani! Daktari akaamuru.

Arobaini na tatu na nusu.

— Mnaona? Bandu bandu huisha gogo! Mpime mara kumi na tano zaidi, tunafika thelathini na sita.

— Tepe imenyeshewa, ikasinyaa, akasema Komandoo, jasho likimtoka.

— Au mafuta yalikuwa yamelala, umeyaamsha kwa woga, akadakia Daktari. Yameketi sasa. Fundi, mwache atulie.

Mkewe Komandoo, aliyekuwa nyuma ya kibanda akitusikia tangu mwanzo, akatokea, suruali ile ile mkononi, zipu imekufa. Akatazama tepe, akatazama lebo.

— Shemeji Fundi, suruali ya thelathini na sita inamtoshaje mtu wa arobaini na nne?

Daktari akainamisha birika. Likatoa machicha tu.

Mungu anisamehe. Miaka kumi na mbili wanene nawashonea kubwa, nawaandikia ndogo, ili waondoke wakitabasamu. Nikaungama pale pale, macho chini.

— Miaka miwili namsihi atembee, akasema shemeji. Kila nikifungua mdomo, ananionyesha lebo yako.

Komandoo alikuwa bado kashikilia tumbo ndani. Akaliachia polepole.

— Na shingo, Fundi? Shingo ya shati uliniandikia ya kweli?

— Ya kweli, ndugu yangu. Kumi na sita kamili.

Shemeji akanitupia suruali mapajani.

— Mto wake nauficha. Na wewe, alfajiri uje umtembeze.