Sultana Abergel, Msusi wa Beer Sheva Aliyejifunza Kunyamaza

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi nyote mliokuja mbio baada ya kupigiwa simu jana, kwa kuwa kwetu maiti haicheleweshwi, familia imenipa mimi Shaul, mkwe wa marehemu, mume wa binti yake Mazal, heshima ya kuwasomea maisha ya mama yetu, nami nitayasoma kama alivyoagiza mwenyewe akiwa na akili zake timamu, kwamba asisifiwe kwa jambo ambalo hakuwa nalo, na kwamba lile la mwaka 1983 lisirukwe.

Marehemu Sultana Abergel alizaliwa tarehe 12 Machi 1944 katika mji wa Sefrou, nchini Moroko, akiwa mtoto wa nne wa mzee Mordekai Elkayam, fundi viatu, na mkewe Freha, na alianza masomo mwaka 1950 katika shule ya wasichana ya Kiyahudi mjini humo, hadi mwaka 1956 familia ilipohamia Israeli, ikashushwa na lori hapa Beer Sheva mbele ya kibanda cha bati, upepo wa jangwa ukivuma, naye mama yake akakaa juu ya sanduku la nguo akakataa kuinuka mpaka jioni. Sultana alimaliza darasa la nane mwaka 1958, na mwalimu wake alimwambia baba yake kwamba mtoto huyu ana akili nyingi sana, ila zote zimekaa mdomoni.

Mwaka 1959 alianza kujifunza ususi kwa Bi Fruma, mwanamke mkali kutoka Romania, na mwaka 1971 akafungua saluni yake katika chumba cha mbele cha nyumba yao, ambapo kila Alhamisi na Ijumaa asubuhi wanawake walijazana kutengenezwa nywele kabla ya Sabato, na wengi wenu hapa mnakumbuka kwamba mtu aliingia pale na nywele zake akatoka na siri za mtaa mzima.

Tarehe 16 Juni 1965 alifunga ndoa na marehemu Nissim Abergel, fundi wa mabasi, mtu wa maneno machache, ambaye ndugu zake walimtania siku ya harusi wakisema kwamba ameoa redio isiyo na kitufe cha kuzimia, na Mungu akawajalia watoto watatu, Avner aliyezaliwa mwaka 1966, Mazal mwaka 1969, na Yehuda mwaka 1973. Aliipenda familia yake, lakini hakuficha kwamba ulimi wake uliwachoma pia walio nyumbani, kwani Nissim alilinganishwa mezani na waume wa wateja, na watoto walijifunza mapema kutomweleza mama jambo ambalo hawakutaka lijulikane kesho yake.

Mwaka 1983, wiki chache kabla ya Pasaka, alikuja saluni mwanamke mmoja kutoka mji mwingine, shangazi wa kijana aliyekuwa amemchumbia Ofra, binti wa Bi Simha Vaknin, jirani ambaye ukuta wa chumba chake cha kulala ndio ukuta wa saluni. Bi Simha ameketi hapa mbele yetu, na asubuhi hii alituambia tusome yote na tusimfiche jina. Yule shangazi, kichwa chake kikiwa ndani ya beseni, aliuliza kuhusu watu wa nyumba ile, naye Sultana, bila ubaya wowote moyoni, mikono yake ikiendelea na povu, akasimulia kwamba ni watu wazuri, wacha Mungu, ila mama mtu baada ya kumzaa Ofra aliugua akili, akalazwa miezi kadhaa, na hata sasa hali hiyo humrudia. Yule mwanamke alishukuru, akakaushwa nywele, akaenda zake, na kabla ya sikukuu uchumba ulikuwa umevunjwa.

Bi Simha hakuja kugombana, alifunga madirisha tu, na usiku wa Pasaka, wakati nyumba zote za jengo zikiimba, kwake hakukusikika sauti. Baada ya wageni kuondoka mezani, Sultana akamwambia mumewe kwamba yeye hakusema uongo, kila alilosema lilikuwa kweli, na Nissim, ambaye hakuwa na kawaida ya kumjibu, aliweka chini kikombe chake.

"Hiyo kweli ilikuwa yako, Sultana? Uliipata wapi mpaka ukawa unaigawa?"

Maneno hayo ya mumewe hayakumtoka Sultana moyoni tena. Sabato iliyofuata alienda kwenye darasa la wanawake katika sinagogi, darasa ambalo kwa miaka mingi alikuwa akilipitia njiani bila kuingia, na huko mke wa rabi alifundisha kwamba torati yetu haikatazi uongo peke yake, inakataza pia kweli inayomuumiza mtu bila sababu, na kwamba anayetubu hatakiwi kulia sana, anatakiwa kukiri, kuacha, na kumwendea aliyemkosea, kwa sababu hata Siku ya Upatanisho yenyewe haisafishi kosa la mtu na mwenzake mpaka mwenzake aridhishwe. Sultana aliuliza mtu mwenye mdomo kama wake aanzie wapi, akajibiwa aanze na saa moja tu kwa siku, ambayo ndani yake hatamtaja mtu yeyote, naye akachagua saa ya chakula cha mchana, watoto wakiwa wametoka shule.

Mazal husimulia kwamba siku ya kwanza walidhani mama anaumwa. Alifungua mdomo, akaufunga, akasogeza chumvi, akaufungua tena, na mwishowe, kwa kukosa la kusema kuhusu watu wengine, akamuuliza Yehuda, aliyekuwa na miaka kumi, anapenda nini shuleni, na mtoto akamtazama baba yake kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa, ndipo akaanza kueleza habari za nyota, akaeleza mpaka supu ikapoa. Saa moja ikawa mchana mzima, mchana ukaingia saluni, na baadhi ya wateja wakakasirika kabisa, mmoja akamwambia, "Sultana, siku hizi unaniosha kichwa kama maiti, hata neno moja," akahamia kwa msusi mwingine, na wengine wakamfuata. Alianguka mara nyingi, na kila alipoteleza alijigonga mdomo kwa kitana, akaanza upya. Nissim hakulinganishwa tena na mtu, na baada ya muda, jambo ambalo watoto walilistaajabia, yeye ndiye akawa msemaji mezani.

Kwa Bi Simha mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mkesha wa Siku ya Upatanisho mwaka ule alibisha mlangoni kwake, akafungiwa mlango, mwaka uliofuata akafungiwa, na wa tatu akaenda na wanawake wawili kama desturi inavyotaka, na bado akafungiwa. Mke wa rabi akamwambia kwamba amekwisha kutimiza wajibu, sheria inamwachilia. Marehemu akajibu, "Mimi imeniachilia, yeye bado analala nyuma ya ule ukuta," akaendelea kwenda kila mwaka, hata baada ya Ofra kuolewa Haifa mwaka 1988 na kupata watoto.

Mwaka 1994 ugonjwa wa Bi Simha ulimrudia kwa nguvu, na kilio chake kilipenya ukutani hadi saluni. Wateja waliuliza kuna nini kule, naye aliwasha mashine ya kukaushia nywele ikanguruma, akawaambia yeye hasikii vizuri siku hizi. Hakumwambia hata Mazal, hakumwambia hata Nissim. Kila Ijumaa aliweka sufuria ya kuskusi, chakula cha kwao Moroko, mlangoni kwa jirani yake, na kila Jumapili aliikuta sufuria imerudishwa, imeoshwa. Ijumaa moja mlango ulifunguka kabla hajainuka, na Bi Simha akatokea, nywele zimemsimama.

"Wewe unanisikia," alisema.

"Nakusikia."

"Na mtaani hakuna anayejua."

"Hakuna, jirani."

Bi Simha akasogea pembeni, akasema, "Ingia basi unichane, Sabato inaingia nami niko hivi."

Marehemu aliingia, akamchana taratibu, wala neno msamaha halikutamkwa siku ile na yeyote kati yao. Lilitamkwa mwaka 2007, tarehe 9 Novemba, Nissim alipofariki, ambapo Bi Simha ndiye aliyekaa sakafuni naye siku saba za maombolezo, na yaliyosemwa hapo ni yao wawili.

Mama yetu alianza kuugua kongosho mwezi Januari mwaka huu wa 2019, akatibiwa bila kulalamika, na alifariki jana Jumanne, tarehe 4 Juni, saa kumi alfajiri, hospitalini, akiwa na miaka sabini na mitano, ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa jengo letu waliopika zamu kwa zamu, wasusi wenzake, wanawake wa darasa la Sabato, na kikundi cha mazishi kilichomwosha na kumvika leo asubuhi. Aliacha ombi moja la mwisho. Yawezekana miongoni mwenu yupo aliyeumizwa na neno lake zamani, akaona haya kumwambia, au ambaye mpaka leo hajui kwamba lilitoka kwake, kwa maana yeye mwenyewe alikiri kwamba hayakumbuki yote. Nyumba yetu iko wazi siku zote saba za msiba, tafadhali njoo useme, Avner, Mazal na Yehuda watasimama mbele yako wakuombe radhi kwa niaba yake, na usipotaka kusamehe, utapewa chai, utakaa nasi.

Mama, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika sasa kwa amani, yaliyobaki tuachie sisi.